Chai yangu ya Mwaloni na kujiandikisha kupiga kura: ni msaada au ni takrima?

Mama Kulwa wa Mwaloni
Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Wakuu, mwangaluka. Mnivumilie kwa uandishi, natumia simu huku nimekalia ndoo na moto haujakolea.

Napika chakula Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, miaka kadhaa sasa. Ugali wa dona, wa muhogo kwa wanaoutaka, dagaa, sato wa kuchemsha, na nsansa ya karanga, yaani mboga ya majani makavu ya kunde, ambayo watu wa Dar wakiiona wanauliza ni nini hiki, wakionja wanaomba waongezewe. Meza moja ndefu, mabenchi mawili, turubai. Wateja wangu ni wapagazi, akina mama wanaochambua dagaa, na zaidi ya wote vijana wa dagaa wanaoshuka mjini mwezi ukipevuka. Mnaolijua ziwa mnaelewa. Dagaa wanavuliwa gizani, wanafuata taa. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, mitumbwi inalala mchangani, vijana wanakuja mjini kula walichogawana. Kikiisha, na huwa hakichelewi, wanakula kwangu kwa mkopo.

Kwa hiyo nina daftari la madeni. Leo asubuhi nimelihesabu: watu 64. Majina ya ubatizo ninayo machache. Mwingine nimemwandika "Mrefu wa Kome", mwingine "Yule wa redio", mwingine "Shemeji ya Mrefu". Ila nawajua, najua nani anakula pilipili na nani mkewe kajifungua.

Mwezi wa nane, lilipokuja zoezi la kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura hapa Mwanza, kituo kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye turubai langu. Mchana mmoja sinia limekaa katikati, mikono tisa ndani, nikauliza: nani ameshakwenda? Wawili. Saba waliobaki kila mmoja na lake. Mmoja aliandikishwa kisiwani Ukara mwaka 2015 na hajarudi huko tangu mama yake afe. Mmoja alidhani anayelala kambini hana kituo. Mmoja alisema atakwenda akishaoga.

Niliwaelewa kwa sababu na mimi yalinikuta. 2015 nilijiandikisha Sengerema nilikokuwa nimeolewa. Ndoa ikaisha, nikahamia huku, jina likabaki kwa mume. Oktoba 2020 nikapanga foleni hapa Kirumba na kanga yangu safi, nikasoma karatasi za ukutani mara tatu, jina hakuna. Kuvuka Kigongo na kivuko niende Sengerema na kurudi ningekuwa nimefunga biashara siku nzima. Nikarudi kukoroga ugali. Hakuna aliyeninyima. Sikujua tu kwamba ukihama unahamisha na taarifa zako.

Basi nikatangaza mezani: atakayetoka kituoni aje na kadi yake, chai na chapati moja ni juu yangu. Siku tatu zikatoka chapati 41. Siku ya nne akaja kaka mmoja, shati limenyooshwa mpaka linakata, akanipongeza sana. Akasema, "Mama, hii chai ni ndogo. Chukua laki na nusu, piga pilau, ila wakila waambie limetoka kwa nani."

Nilizishika zile noti, nisiwadanganye. Nikazirudisha, na wala si kwa utakatifu. Nilijua wale 64 wakisikia meza yangu ina chama, nusu watahamia kwa jirani na deni langu litahama nao.

Shoga yangu wa kibanda cha pili akacheka. Akasema, "Umekataa takrima ya mwenzio wakati na wewe unagawa yako." Tangu siku hiyo chapati hainishuki vizuri.

Sasa Ijumaa hii, tarehe 11 mpaka 20, kuna kujiandikisha tena kwa uchaguzi wa mitaa wa Novemba 27. Nataka kusaidia. Swali langu: chai yangu ina kosa? Na kama ina kosa, mtu mwenye meza na sufuria anawezaje kusaidia watu wapate haki yao ya kura bila kuwanunua?

---

Pasiansi Juu

Mama, sema biashara imelala unatafuta wateja kwa mgongo wa demokrasia. 😂

---

Mama Kulwa wa Mwaloni

Mwanangu wa Pasiansi, mteja wa mkopo anatafutwa na nani? Ninao 64, njoo uchukue thelathini.

---

Karani Mstaafu

Mama Kulwa, shoga yako kakuuma lakini hajakosea sana.

Neno takrima lina historia. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho, ukaingizwa mlango uliosema ukarimu wa kimila wa mgombea, akiutoa kwa nia njema, usihesabiwe rushwa. Mnakumbuka yaliyofuata: kanga, pilau, baiskeli, vyote "mila". Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikasema kifungu hicho kinavunja Katiba. Mwenye mfuko mnono anakirimu, asiye nacho anabaki na maneno. Baadaye ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Kwa hiyo yule kaka wa shati la pasi alikuwa anakuletea kitu chenye jina, na jina lake ni rushwa. Ulifanya vyema kurudisha, hata kama ni kwa kulinda deni.

Chai yako ni kitu kingine, kwa sababu hukumtaja mtu wala chama. Ila ina doa moja: uliifunga kwenye kadi. Onyesha kadi, unywe. Hapo umeweka bei. Kidogo sana, chapati moja, lakini bei. Mtu mbaya akitaka kukuchafua atasema unanunua kadi, na kuna watu kweli hukusanya kadi za wenzao. Fungua mkono kwa wote: aliyejiandikisha, asiyejiandikisha, anayesema siasa hataki kuzisikia. Akikaa mezani, anywe.

La pili, na hili waambie wateja wako leo hii: kadi ya mwezi wa nane haitoshi kwa Novemba. Lile lilikuwa Daftari la Kudumu la Tume ya Uchaguzi, la Rais, wabunge na madiwani. Hili la sasa ni orodha ya wapiga kura ya mtaa au kitongoji, chini ya TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), na linaanza upya. Uwe raia, umri 18 au zaidi, mkazi wa pale. Kuna watu watakuja Novemba na kadi inang'aa na jina halimo.

La tatu: usitundike bango la "elimu ya mpiga kura". Taasisi zinazotoa elimu hiyo huomba kibali. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, omba nakala ya tangazo lao lenye tarehe na mahali, libandike kwenye nguzo ya turubai. Hilo ni tangazo la serikali, wewe umetoa nguzo.

---

Mama Kulwa wa Mwaloni

Ubarikiwe baba. Hilo la kadi kutotosha sikulijua kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu "mmemaliza". Nimesimamisha ugali niwatangazie wapagazi. Mmoja kaniuliza kama naumwa.

---

Mwalimu wa Historia, Nyakato

Mama Kulwa, hujambo. Nimefundisha historia miaka 34 na swali lako limenirudisha darasani.

Huko Marekani, kusini, watu weusi walipokuwa wakidai haki zao, jikoni kulikuwa na kazi kubwa kuliko vitabu vinavyosema. Montgomery, jimbo la Alabama, alikuwepo mpishi akiitwa Georgia Gilmore. Mwaka 1956 alitoa ushahidi katika kesi ya Martin Luther King na kazi yake ya upishi ikaota mbawa. Akapikia nyumbani. Yeye na wenzake waliuza kuku, mikate na keki, wakapeleka fedha zinunue mafuta ya magari yaliyobeba watu waliosusia mabasi, siku 381. Kundi lao waliliita Club from Nowhere, yaani klabu isiyotoka popote. Mtu akiulizwa fedha zimetoka wapi, alijibu kwa kweli kabisa: hazikutoka popote. Wanunuzi wengine walikuwa wazungu, na walionunua hawakutajwa. Huo ulikuwa mgomo wa mabasi, bado si kura, lakini angalia walivyofanya: waliuza chakula. Mteja alilipa, akala, akaenda zake. Hakudaiwa kitu kingine.

Kura yenyewe ina kisa kichungu zaidi. Majira ya baridi ya 1962 kuingia 1963, huko Greenwood, jimbo la Mississippi, vijana walikuwa wakiwasindikiza wakulima weusi kujiandikisha. Viongozi wa wilaya wakajibu kwa kusimamisha chakula cha msaada cha serikali kuu, unga na maharage, ambacho maelfu ya vibarua wa pamba walikitegemea msimu usio na kazi. Walitaka njaa iwafundishe adabu. Vijana wakaomba chakula majimbo mengine, kikaja kwa malori, na mchekeshaji Dick Gregory akakodi ndege nzima kuleta shehena. Watu waliokuja kuchukua unga ndio waliokuja kujua kwa nini unga ulikatwa. Foleni ya mahakamani, kulikokuwa kunaandikishwa, ikarefuka. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini Agosti 6, 1965.

Na migahawa. Atlanta walikuwepo ndugu wawili, James na Robert Paschal, waliofungua mgahawa wao 1947 kwa kuuza kuku wa kukaanga. King na wenzake walikutana hapo kupanga mambo. Sidhani kama kuku alimbadilisha mtu msimamo, lakini watu wanaopanga jambo lazima wakae mahali, na mahali pasipouliza maswali palikuwa adimu.

Kuhusu hoja ya Karani: huko kwao sheria ya nchi inakataza kumpa mtu kitu ili apige kura, hata kama humwambii ampigie nani. Ndiyo maana duka likitaka kugawa kahawa siku ya uchaguzi, wanasheria huliambia ligawe kwa kila anayeingia. Na mwaka 2021 jimbo la Georgia lilikwenda mbali: kumpa maji au chakula mtu aliye kwenye foleni ya kura, ndani ya futi 150 za jengo, kama mita 45 hivi, likawa kosa. Kesi zikafuata. Kwa hiyo usidhani chapati yako ni jambo dogo. Kuna mataifa makubwa yamebishana mahakamani kwa chupa ya maji.

---

Pasiansi Juu

Mwalimu umetoa darasa. Mama, naomba radhi kwa utani. Nsansa hiyo inauzwaje?

---

Mama Kulwa wa Mwaloni

Shikamoo Mwalimu. Huyo mama Georgia ningemwajiri, au yeye aniajiri mimi.
Pasiansi: na ugali, 2,000. Mkopo huna.

---

Nahodha, Kome
Jumatano, 9 Oktoba 2024

Mama Kulwa, mimi nipo kwenye daftari lako, usiseme ukurasa wa ngapi.

Wasomi wamesema vizuri ila hakuna aliyetazama mwezi. Mwezi unapevuka tarehe 17. Kwa hiyo tarehe 11 mpaka 20 mitumbwi imepanda, sisi wote tupo mjini kwako tunakula mkopo. Utatutuma kwa mtendaji wa Kirumba, tutaandikishwa Kirumba, utafurahi. Sasa hesabu na Novemba. Mwezi unapevuka tarehe 15. Kufika tarehe 27 ni giza tupu, samaki anaita, na mimi nipo kisiwani Kome, yule wa redio yupo kisiwani Goziba, majina yetu yamebandikwa Kirumba. Litatukuta lilelile lako la Sengerema, wote 64 kwa mpigo, na sababu itakuwa chai yako.

Mvuvi aandikishwe atakapokuwa giza la Novemba. Mimi naishi kambini miezi minane kati ya kumi na miwili, mwenyekiti wa kitongoji ananijua mpaka jina la utani. Huko ndiko kwangu. Mjini nakuja kutembea.

Na siku yenyewe ina shida yake. Tunaingiza mtumbwi saa kumi na mbili alfajiri. Kupakua, kupima, kugombana na tajiri, mpaka saa tatu. Saa nne tunakula. Saa tano tumelala kama magogo. Tukiamka ni saa kumi jioni kuandaa taa, na saa kumi jioni ndiyo kituo kinafungwa. Ukitaka tupige kura, tukamate kati ya kupakua na kulala. Mama lishe wa mwalo wetu akichelewesha ugali mpaka tumetoka kituoni, tutakwenda, maana hakuna anayelala na njaa. Hilo nalo ni takrima?

---

Karani Mstaafu

Nahodha, kuchelewesha ugali sijaona kifungu chake. 😂

Lakini hoja ya mwezi ni nzito, nimeishi Mwanza maisha yangu yote na haikunijia. Mama Kulwa, sikiliza huyu kuliko mimi. Tahadhari moja tu: usilipe nauli ya mtu kwenda kupiga kura, na usimfutie mtu deni kwa sababu kajiandikisha.

---

Mama Kulwa wa Mwaloni

Kufuta? Nani ametaja kufuta?

---

Bibi Dagaa, Igombe

Nasoma kimya tangu jana, nami niseme langu. Mnaongea wavuvi tu. Sisi tunaoanika? Dagaa akiwa mchangani huwezi kumwacha. Kunguru, mbuzi, watoto, na mvua ya vuli ikinyesha dakika kumi umepoteza mtaji. Novemba ndiyo vuli yenyewe. Mwanamke ataacha chanja za laki mbili aende kupanga foleni? Mimi 2019 sikwenda kwa sababu hiyohiyo.

Chai sihitaji. Nahitaji mtu wa kunitazamia dagaa saa moja. Huku kwetu tumekubaliana akina mama kumi na wawili, tunakwenda watatu watatu, waliobaki wanalinda na kugeuza. Aliyewahi kurudi anapika uji wa wote, kila mmoja kaleta unga wake. Hatumwulizi mtu kampigia nani, tuna mambo ya kutosha ya kugombania.

---

Mama Kulwa wa Mwaloni
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Wabeja sana wote. Nawapa mrejesho.

Tangazo nimelipata kwa mtendaji, lipo kwenye nguzo, limeshamwagikiwa na mchuzi mara moja lakini tarehe zinasomeka. Chai ya saa nne ni ya kila anayekaa, siulizi kadi. Nimepunguza chapati ikawa nusu, maana "kila mtu" ni watu wengi kuliko nilivyofikiri. Pasiansi amekuja siku mbili mfululizo.

Halafu nimechukua daftari la madeni nikachora mstari kulia kwa majina, nikaandika juu: GIZA LA NOVEMBA. Kila anayekaa namuuliza tarehe 27 utaamkia wapi. Wengine wanadhani nataka kuwafuata kudai. Nimewaambia wote, aliyejiandikisha na asiyejiandikisha, deni linasubiri mpaka giza la Novemba liishe, asiogope kuondoka mapema kwa ajili yangu. Shoga yangu anasema nimerogwa.

Mpaka leo: wa hapa mjini 24, hao wamekwenda kwa mtendaji au wanakwenda kesho. Kome 21. Ukara 9. Goziba 7. Watatu hawajui watakuwa wapi, mmoja wao ni Shemeji ya Mrefu, na huyo hata leo usiku hajui.

Wa Kome kumi na wawili wameondoka leo na mtumbwi wa mchana, wanasema watajiandikisha kesho na kurudi kumalizia mbalamwezi. Mrefu kaongoza. Mama lishe wa mwalo wao nimempata kwa simu, kaniambia kuhusu ugali wa tarehe 27 nisimfundishe kazi, ila wazo kalipenda.

Bibi Dagaa, nimelipeleka la kulinda kwa zamu kwa wachambuaji wa hapa. Wamelijadili kutwa, wamegawanyika nani alinde chanja za nani, lakini orodha ipo.

Waliobaki kunitoa jasho ni wale saba wa Goziba. Ni mbali, upande wa Muleba, na yule wa redio anasema hajui anayeandikisha anakaa upande gani wa kisiwa. Kuna mtu humu yuko Goziba, au ana ndugu huko? Anijibu kabla ya Jumatano, mtumbwi wao unatoka alfajiri.